Maji ya Shari Hayapiti Kisangani

Daftari lilikuwa la yaya yangu, dada yetu mkubwa. Jalada lake la bluu lilichanika akalishona kwa uzi mweusi, na kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika mikoa ya Zaire: minane, na Kinshasa ya tisa. Kivu imekatwa kwa mstari mmoja. Pembeni yake, kwa kalamu nyekundu, kuna majina matatu: Nord-Kivu, Sud-Kivu, Maniema. Hiyo ni 1988. Yaya alikuwa sekondari, na anasimulia kwamba mwalimu aliingia asubuhi, akawaambia wafungue daftari la jiografia, kisha akasema, "Futeni Kivu." Wakafuta, wakaandika upya, wakaendelea kukariri.

Nilizaliwa 1984, kwa hiyo nilianza kulichungulia daftari hilo nikiwa shule ya msingi, kama mtoto anavyochungulia vitu vya wakubwa. Nchi ilikuwa Zaire, mto ulikuwa Zaire, hela ilikuwa zaire. Ziwa lililo mashariki yetu liliandikwa Ziwa Mobutu Sese Seko, limepigiwa mstari mara mbili kwa rula. Nyumbani hakuna aliyeliita hivyo. Samaki walitoka Kasenyi au Tchomia, basi. Mama hakuhitaji jina la ziwa ili apike.

Mwishoni mwa 1996 wapiganaji wa AFDL waliingia Bunia, mji wetu, na Mei 1997 wakafika Kinshasa. Safari hii kalamu ilikuwa yangu. Zaire nikaigeuza Kongo, mara ya kwanza kwa nchi, mara ya pili kwa mto. Shaba ikarudi kuwa Katanga. Bas-Zaïre ikawa Bas-Congo. Haut-Zaïre, mkoa wetu wenyewe, ikawa Province Orientale, na sisi Ituri tukabaki tulivyokuwa, wilaya moja ya pembeni, makao makuu ya mkoa yakiwa Kisangani, ng'ambo ya msitu mzima. Ziwa nikaliandika Albert. Ukurasa ulikuwa umejaa mikwaruzo hata karatasi ikaanza kutoboka, nikabandika kipande kingine juu yake kwa gundi ya uji wa muhogo.

Asiyesoma Kongo aelewe jambo moja. Mwisho wa sekondari yetu ni mtihani wa serikali, Exetat, ulioanzishwa 1967, na ni mtihani mmoja kwa nchi nzima. Finalisti wa Bunia na finalisti wa Matadi wanajibu maswali kwa siku zilezile. Jiografia iko kwenye maarifa ya jumla, pamoja na historia na uraia, na majibu ni ya kuchagua. Kwa hiyo maandalizi yetu yalikuwa kukusanya maswali ya miaka iliyopita, yaliyopigwa fotokopi hata herufi zikafifia, na kuyameza. Tulikaa wanne kuzunguka taa moja ya mafuta. Mmoja anauliza, watatu wanajibu kwa pamoja, kwa Kifaransa, kwa sauti ya kuimba kama watu wa kwaya. Anayekosea anashika taa mpaka zamu ijayo, na kioo cha taa kilikuwa cha moto kwelikweli.

Tarakimu zilinitesa kuliko majina. Kitabu kimoja kiliupa mto Kongo kilomita 4,374, kingine 4,700. Margherita, kilele cha Ruwenzori, kilikuwa mita 5,119 kwenye vitabu vya zamani na 5,109 kwenye vipya. Niliona haya kuuliza ipi ni kweli, nikakariri zote mbili, nikaomba Mungu zisije pamoja kwenye majibu ya swali moja.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mtu mpole mwenye koti moja la kahawia. Katika mwaka wangu wa nne wa sekondari, katika wiki chache za utulivu, maana vita vya Ituri vilikuwa vimeshaanza 1999, alitutoa darasani. Alituambia tuache madaftari. Tukatembea kwa miguu hadi nje ya mji, mpaka mto Shari. Ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na wamama wawili walikuwa wanafua upande wa chini. Mwalimu aliokota gunzi la muhindi lililokuwa njiani, akalitupa katikati ya maji. Tukalitazama likizunguka, likagonga jiwe, likashika njia.

"Maji hii inaendaka wapi?" akauliza. Darasani alikuwa haongei nasi ila Kifaransa.

Tukajibu kwa pamoja: Kisangani.

Tulijibu hivyo kwa sababu kila kitu chetu kilienda Kisangani. Barua za ofisi zilienda Kisangani. Aliyebahatika kupata chuo kikuu alienda Kisangani. Mkubwa yeyote akituambia jambo letu limekwama, lilikuwa limekwama Kisangani.

Mwalimu akatikisa kichwa. Akachuchumaa, akachora kwenye mchanga kwa kijiti. Shari unaingia Ituri. Ituri unapita msituni kuelekea magharibi, unakutana na Nepoko, na kuanzia hapo unaitwa Aruwimi. Aruwimi unaingia mto Kongo pale Basoko. Akaweka jani mahali pa Basoko na jani jingine mahali pa Kisangani. Kisangani ilikuwa nyuma, upande ambako mto Kongo unatoka. Maji yetu yanafika kwenye mto mkubwa baada ya kuwa Kisangani imeshapitwa. Yanaendelea Lisala, Mbandaka, Kinshasa, Matadi, mpaka bahari ya Atlantiki. "Kisangani haioni maji hii," akasema, na alifurahi sana, kama mtu aliyetupa zawadi.

Kisha akasimama, akanyoosha mkono upande wa mashariki, kuelekea Bogoro. Kule, alisema, ukishapita Bogoro barabara inateremka kwenye ukingo wa bonde la ufa hadi ziwani. Bunia iko juu zaidi ya mita 1,200. Ziwa liko kwenye mita 620 hivi. Mvua ikinyesha kwenye vilima vile, tone linaloangukia huku linakwenda Shari, na mwenzake aliyeangukia kule anakwenda ziwa Albert, anaingia Nile, anavuka Sudan na Misri, anaishia bahari ya Mediterania. Wingu moja, bahari mbili. Mgawanyo wa maji ya Kongo na Nile, maneno ambayo tulikuwa tumeyakariri kwa Kifaransa bila kuyaelewa, ulikuwa uko hapo, nyuma ya vilima tunavyoviona tukienda kuteka maji. Mwenzangu mmoja alivua viatu akaingia mtoni mpaka magotini. Mwalimu hakumkataza.

Nilikuwa finalisti 2003. Februari ya mwaka huo watu waliuawa Bogoro, mahali pale mwalimu alipotuonyesha kwa kidole. Jeshi la Uganda liliondoka Bunia mwanzoni mwa Mei, na mji ukawa wa bunduki. Tuliondoka alfajiri, mimi, mama na wadogo zangu wawili, na watu wengi mno barabarani, kuelekea kusini. Daftari la yaya lilibaki chini ya godoro. Nyumba ilivunjwa, godoro likaenda, na daftari nalo.

Kilomita 75 hivi mpaka Komanda nilikuwa nazijua kama nukta mbili na mstari kati yake. Miguu ilinifundisha vingine. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka sita. Kwake kilomita ilikuwa mara ngapi ataomba kubebwa. Siku ya pili niliona nyasi zinapungua na miti inaongezeka, na baada ya Komanda, tukielekea Eringeti, msitu ulitufunga pande zote na hewa ikawa nzito yenye unyevu. Savana ya nyanda za juu, kisha msitu wa ikweta: swali la kuchagua jibu, nililolijibu mara mia kando ya taa. Nilimwambia mama, "Hapa mimea imebadilika." Mama akanitazama, akasema, "Songa mbele."

Beni tulikaa kwa mama mdogo. Asubuhi moja baada ya mvua, mawingu yalifunguka upande wa mashariki nikaiona Ruwenzori, na theluji juu yake. Nilisimama na ndoo kichwani mpaka maji yakaanza kunimwagikia. Mita 5,109 au 5,119, sikujali tena. Mwezi wa Juni tulisikia redioni kwamba askari wa Ulaya wametua Bunia, lakini sisi hatukurudi.

Mwaka uliofuata niliandikishwa shule ya huko, nikanunua daftari jipya, nikajaribu kuliandika upya lile lililopotea. Majina ya mikoa yalikuja kwa shida, nikichanganya ya yaya na yangu, Shaba na Katanga, Zaire na Kongo. Lakini njia ya maji niliichora mara moja bila kuinua kalamu: Shari, Ituri, Aruwimi, Basoko, bahari. Nilijua pia kwamba Beni na Butembo zote ziko kaskazini ya ikweta kidogo tu, kwa hiyo katika kukimbia kwetu kote sikuwahi kuvuka mstari ule. Jambo hilo lilinituliza, sijui kwa nini. Nilihisi bado niko upande wa nyumbani.

Nilifanya mtihani 2004. Hawakuuliza kuhusu Shari, wala Aruwimi. Nilifaulu.

Nilirudi Bunia na kuwa mwalimu, wa jiografia, na nimekuwa mwalimu mpaka leo. Nimefuta na kuandika ubaoni kuliko mwalimu wangu. 2011 jirani yetu Sudan alikatika, na ile ncha ya teritwari ya Aru iliyokuwa inagusa Sudan na Uganda ikawa inagusa Sudan Kusini na Uganda. Kisha ikaja 2015. Katiba ya 2006 ilikuwa imeandika mikoa 25 pamoja na mji wa Kinshasa, na kwa miaka tisa tulifundisha kitu kilichopo kwenye karatasi peke yake. 2015 kikatekelezwa. Province Orientale ikagawanyika sehemu nne: Tshopo makao makuu Kisangani, Bas-Uele makao makuu Buta, Haut-Uele makao makuu Isiro. Nilipofika kwenye mstari wa nne, niliandika "Ituri" na mbele yake "Bunia", na chaki ikasimama. Wanafunzi walidhani nimesahau. Nyumbani nilimwambia mjomba wangu mzee, naye akacheka: yeye alikuwa kijana wakati wa Kibali-Ituri, mkoa uliodumu kutoka 1962 mpaka 1966, Bunia ikiwa makao makuu yake. "Mumerudi pale tulikuwaka," akasema.

Yaya aliolewa Djugu. 2018, vita vilipowaka tena kule, alifika kwangu na watoto, na mkubwa wao, binti, alikuwa na miaka kumi na miwili. Amekuwa finalisti nikiwa mwalimu wake wa darasani na mama yake mdogo wa nyumbani. Hakariri kama sisi. Maswali ya miaka iliyopita yote yako ndani ya simu, amepigiwa picha na rafiki zake, na wanaulizana usiku kwa kutumiana sauti. Ramani anaifungua kwa vidole viwili, anaivuta, mpaka anaona paa la shule yetu. Mwanzoni nilihofia. Baadaye nilimwona akifuata Shari kwenye kioo cha simu, polepole, mpaka unapopotea kwenye rangi ya kijani ya msitu, nikanyamaza.

Lakini darasani nina wanafunzi wanaotoka kwenye kambi za waliokimbia, hapa hapa mjini, wasio na simu. Kwa ajili yao nachora ramani kubwa ya Ituri kwenye magunia yaliyoshonwa pamoja, nailaza sakafuni: Aru, Mahagi, Djugu, Irumu, Mambasa. Wiki mbili kabla ya mtihani nilimwomba mvulana mmoja, mkimya, anionyeshe mgawanyo wa maji. Alipiga magoti pembeni ya gunia. Kidole chake kilianza mbali na pale nilipotarajia, kaskazini, kwenye milima ya Djugu. Kikapanda, kikateremka, kikazunguka mahali ambapo mimi sikuwa nimechora kitu, kikakata kuelekea kusini mpaka Bunia. Nikataka kumsahihisha. Kisha nikaelewa kwamba hiyo ni njia waliyopita. Akainua macho, akasema, "Mwalimu, huku tulitembea juu ya mlima usiku. Mito ya upande huu ilikuwa inaenda ziwani. Ya upande ule, hapana."

Alikuwa amefuata mgawanyo wenyewe, kipande kirefu, kwa miguu yake. Nilimpa chaki auchore.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mtihani nilimwamsha binti ya yaya mapema. Yaya alikuwa amepika uji, akampa na maziwa. Tulirudia mikoa 26 kwa mara ya mwisho, mimi nikitaja mkoa, yeye makao makuu, akivaa sare: Tshuapa, Boende, Lualaba, Kolwezi, Sankuru, Lusambo. Mama yake alisimama mlangoni akisikiliza majina ambayo kwa zaidi ya nusu yake hayakuwa mikoa alipokuwa yeye anafanya mtihani. Binti alifika barabarani, akarudi mbio.

"Mama mdogo, maji ya Shari. Kisangani?"

"Hayapiti," nikamwambia.

"Nilijua," akasema, akaondoka.