Shati la Baba nalishona mwenyewe

Ukienda Gikomba siku yoyote utapata shati zuri la mtumba, kola imesimama na vifungo vyote vipo, kwa bei isiyofikia gharama ya kitambaa kipya. Kwa hivyo si ajabu majirani wanaposikia cherehani yangu ikinguruma usiku wananiuliza nimepatwa na nini. Jibu langu ni fupi: sijaona duka linalouza shati la mtu ambaye ni mkono mmoja tu unaofanya kazi.

Baba alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Tunashukuru Mungu, ulimi ulirudi na miguu pia, lakini mkono wa kulia ungali mzito kama gogo. Ni mwalimu mstaafu, na tangu nikiwa mdogo sijamwona akitoka nje ya lango bila shati la vifungo. Ndugu zangu walimletea fulana. Alizikunja vizuri akaziweka chini ya godoro. Ikawa mama ndiye anayemfunga vifungo kila asubuhi, naye mzee akitazama dari. Msomaji, kama una mzazi wa rika hilo, unajua uchungu wa jambo hili.

Basi nilinunua mita mbili na nusu za kitambaa cha pamba katika Mtaa wa Biashara hapa Nairobi. Pamba hupungua inapofuliwa, kwa hivyo nilikiosha, nikakianika na kukipiga pasi kabla mkasi haujakigusa. Shati lake kuukuu nililifumua mishono yote, nikatumia vipande vyake kupimia, ila mikono na makwapa niliyaongezea upana ili ule mkono mzito uingie kwanza bila kusukumwa.

Kola ndiyo humtenganisha fundi na mbabaishaji. Kipande cha chini hukatwa kidogo kuliko cha juu, kama milimita mbili hivi, ndipo mshono ujifiche chini na ncha zisipinde juu kama masikio ya mbuzi. Pembe nazo hupunguzwa kitambaa kabla ya kugeuzwa. Mabega, mikono na ubavu ni kazi ya kunyoosha mshono tu, sina haja ya kukuchosha nayo.

Shida ilikuwa vifungo. Shati la mwanamume huwa na vifungo upande wa kulia na matundu kushoto. Blauzi ni kinyume. Kwa mtu anayetegemea mkono wa kushoto, mtindo wa blauzi ungekuwa rahisi zaidi. Nilimweleza hivyo kwa upole.

“Mama,” akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, “mkono umekufa, mimi sijafa. Nishonee shati la mwanamume.”

Sikubishana naye. Nilitafuta vifungo vya milimita 15, vikubwa kuliko vya kawaida, nikaweka njiti ya kibiriti juu ya kila kimoja nilipokuwa nikikishona. Ukiitoa njiti, uzi hulegea; unauzungushia uzi mwingine chini ya kifungo, nacho kinasimama mbali na nguo, vidole vipate pa kushika. Vya mikononi nilivishona kwa uzi wa mpira. Vinakaa vimefungwa wakati wote na kiganja kinapita tu. Ukitazama kwa mbali huoni tofauti yoyote.

Jumamosi nilimpelekea. Aliingia chumbani akafunga mlango. Mama alisimama, nikamshika kanga akae. Chai ilipoa mezani. Zilipita kama dakika ishirini, tukisikia kikohozi tu na mlio wa kitanda.

Alipotoka, vifungo vyote vilikuwa vimefungwa isipokuwa kile cha shingoni, ambacho hata zamani hakukifunga ila siku ya tai. Alijigusa kifuani upande wa kushoto, akaniuliza mbona sikumwekea mfuko wa kalamu.