Santuri ya Mchumba Wangu
Mchumba wangu aliponionyesha santuri mpya ya The La's, nilinuna. CD yake si anayo? Eti hii imetolewa upya. Ni nyimbo 12 za gitaa za vijana wa Liverpool, albamu ya mwaka 1990. Utamu wake sibishi. Ila kiongozi wao, Lee Mavers, aliikataa: walirekodi, wakarudia na maprodyuza kadhaa, hakuridhika, kampuni ikaitoa hivyo hivyo. Hawakutoa tena albamu nyingine ya studio.

Jamani, huyu wangu naye ameahirisha harusi mara tatu! Mara nyumba haijaisha, mara ukumbi anaoutaka haujapatikana. Upande wa kwanza ulipoisha nikamuuliza, "Na sisi je, mpenzi, tunasubiri nini?"

Akainuka, akaigeuza santuri. Jibu bado.