Burashi ya Nakshi Ndogo

Nyumbani kwetu mabinti hupaka nakshi pembezoni mwa aya, maua na majani yasiyozidi ukucha. Huuliza sana juu ya rangi. Sisi twaona burashi ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Tazama singa zake. Burashi nyingi nyeupe ngumu za madukani ni za nywele za nguruwe. Hizo hazina mjadala, zisikaribie maandishi matukufu. Wachoraji wa Kimughal huko India walitumia nywele za mkia wa kindi, na leo husifiwa za kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche wa Siberia. Wanazuoni wa Kihanafi hawazihesabu nywele za mzoga kuwa najisi, isipokuwa za nguruwe; sisi wa madhehebu ya Shafi twazihesabu. Basi twanunua za nailoni. Zilizo njema huchora mstari mwembamba mno, ijapokuwa hushika maji machache na ncha hujipinda mapema. Moja yaweza kuzidi kwa bei pakiti nzima ya burashi za watoto. Mama watoto alituhoji, nasi tulinunua.

Usihadaike na udogo. Namba 000 hukauka kabla ua halijakwisha. Namba 1 yenye tumbo na ncha kali yatosha. Dukani omba maji, ichovye, uikung'ute mara moja: isiporudi kuwa ncha moja, iache. Rangi isifike kwenye bati, maana ikigandia hapo singa hutawanyika. Ioshe kwa maji baridi na sabuni, itengeneze ncha kwa vidole, uilaze. Usiisimamishe kwenye bilauri ncha ikiwa chini, hata kwa muda wa kuitikia hodi.