Safari Yetu ya Rabai

Mwezi huu twataka kuwachukua, kwa njia ya karatasi hii, hata mahali ambapo Wakristo wengi wamelisikia jina lake, lakini waliopata kupaona ni wachache. Mahali hapo ni Rabai, bara ya Mombasa. Tulikwenda huko kwa sababu katika nyumba zetu swali moja huulizwa mara kwa mara: mtu awezaje kumpenda Mungu kwa moyo wake wote, hali siku zake zimejaa shamba, soko, ada za shule na maradhi ya watoto? Tuliona ni vema kulichukua swali hili mahali ambapo watu walilijibu kwa maisha yao.

Mtu atokaye Mombasa huishika barabara kuu iendayo Nairobi, na akifika Mazeras huiacha, akapanda vilima kuelekea kaskazini. Minazi imesimama pande zote mbili za njia. Makuti yake huezeka nyumba, nazi zake huunga mchuzi, na tembo lake hugemwa asubuhi na jioni. Juu ya kilima pepo za bahari hufika zikiwa zimepoa. Karibu na hapo uko msitu wa kaya ya Mudzi Muvya, maana yake Mji Mpya, uliotunzwa na wazee wa Warabai tangu zamani. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Wengi wangalirudi kwao. Krapf alibaki, na mwaka 1846 akaja mwenziwe, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26. Mwaka huo wazee wa Rabai waliwakubali wakae kwao, nao wakajenga, ijapokuwa wote wawili walikuwa wakishikwa na homa. Nyumba zao zingali zikionyeshwa kwa wageni, na karibu nazo pana kanisa na jumba la makumbusho.

Ukimtaja Rebmann katika shule yo yote, watoto watakujibu kwamba yeye ndiye Mzungu wa kwanza aliyeandika habari za kuiona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848. Neno hili ni kweli. Wataalamu wa Ulaya walimcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini wenyeji wa Uchagga waliujua mlima wao siku zote. Mzee mmoja wa kanisa alitutembeza mahali pale, nasi tukamwuliza kama wageni huuliza sana habari za mlima ule.

Akatujibu, “Wanangu, wote huuliza mlima. Lakini mlima aliuona katika safari. Hapa ndipo alipoamka kila siku.”

Neno la mzee huyo lilitufuata njiani kote. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya afya yake. Rebmann akabaki. Alikwenda Misri mwaka 1851, akaoa huko, akarudi na mkewe Emma. Vita vya Wamasai vilipowafukuza kilimani, walikimbilia Unguja, kisha wakarudi. Emma alikufa mwaka 1866. Rebmann akabaki tena, hata mwaka 1875. Miaka ipatayo 29 ilipita bila yeye kuiona nchi yake ya Ujerumani.

Na katika miaka hiyo yote alifanya nini? Hapo ndipo penye fundisho, maana kazi yake nyingi haikuwa na sifa. Aliketi na watu akiwauliza maneno yao, moja moja, akayaandika. Alikusanya maneno ya Kinyika, kama lugha za Wamijikenda zilivyoitwa siku zile. Alikusanya pia maneno ya lugha ya Nyasa, kwa kinywa cha mtu aliyekuwa ametekwa utumwani na kuletwa pwani. Waumini aliowaona kwa macho yake walikuwa wachache mno. Tena tusimfanye malaika: wako waliomlaumu kwamba amejifungia na vitabu vyake. Huenda lawama hiyo ilikuwa na haki kidogo. Lakini kamusi yake ya Kinyasa ilipigwa chapa mwaka 1877, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka 1876. Macho yake yalikuwa yamepofuka kabla hajaondoka Afrika, na aliyemshika mkono katika safari ya kurudi Ulaya alikuwa Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo.

Tufikiri jambo hilo. Mtu aliyejulikana duniani kwa kile alichokiona alimaliza kazi yake akiwa haoni, akaongozwa na mwana wa nchi aliyokuja kuifundisha. Je, alipata hasara? Mwenye kuhesabu vichwa vya waliobatizwa atasema ndiyo. Sisi twaona kwamba Mungu alimdai uaminifu wa kila siku, na mavuno aliyaweka mkononi mwake Mwenyewe.

Lakini msomaji atasema, “Huyo alikuwa mmisionari. Mimi ni mtu wa jembe.” Basi msikilize habari za wawili wengine wa kilima kile kile.

Wa kwanza ni Mringe. Alikuwa mtu maskini mwenye kilema, na ndiye tunda la kwanza la mahubiri ya Rabai. Hakusafiri kwenda kuhubiri, wala hakujenga kanisa. Alilisikiliza Neno, akalishika, akabatizwa kitandani mwa ugonjwa wake, akafa. Mbele ya wanadamu alikuwa na kidogo sana cha kutoa, na hicho kidogo alikitoa chote. Kama moyo mzima ungepimwa kwa nguvu za mwili au wingi wa mali, Mringe asingekumbukwa hata leo.

Wa pili ni William Jones. Alikuwa Mwafrika aliyeokolewa katika utumwa, akalelewa na kufundishwa Bara Hindi, akaletwa Rabai mwaka 1864. Mwaka 1885 alitiwa mikono kuwa shemasi, na mwaka ule ule akafuatana na Askofu James Hannington katika safari ya Uganda. Askofu alimwacha Kavirondo pamoja na wapagazi wengi, akaendelea na wachache, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Jones alingoja, akapata habari, akawarudisha watu wale mwendo wote ule hata pwani. Mwanzoni mwa mwaka 1886 waliingia Rabai na bendera yao, nayo imeandikwa Ikabodi, jina alilopewa mtoto aliyezaliwa siku Sanduku la Agano lilipotekwa.

Na baada ya huzuni ile Jones alifanya nini? Alirudi kwenye kazi yake ya kulichunga kundi la Rabai. Siku zile watumwa waliotoroka mabwana zao walikuwa wakikimbilia misheni, na mabwana walikuja kuwadai kwa ukali. Kuwapokea kulikuwa hatari; kuwafukuza kulikuwa kuwarudisha kwenye minyororo. Jones, ambaye mwenyewe aliujua utumwa, alisimama upande wao. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai, baada ya mabwana kulipwa fidia. Na hesabu ya waliokombolewa katika stesheni za misheni ilipita watu 1,400.

Mmoja alikaa, mmoja hakuwa na pa kwenda, mmoja alikwenda akarudi. Njia zao hazikufanana, na moyo wao ulikuwa mmoja. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba hali yake ya nyumbani yamzuia kumpa Mungu moyo wote. Kinachotuzuia ni kule kuugawanya. Wahenga walisema, njia mbili zilimshinda fisi. Kuna baba atoaye sadaka Jumapili kwa mkono mweupe, na Jumatatu humpunja mnunuzi wake katika kibaba. Kuna mama aimbaye kwa sauti nzuri kanisani, na nyumbani humnyima chakula mtoto wa nduguye aliyeachwa yatima. Kuna mwalimu afundishaye amri kumi darasani, na kitabu chake cha mahudhurio kina majina ya siku ambazo hakuhesabu watoto. Kuna na yule ambaye mtoto wake akiugua humwomba Mungu mchana mbele ya watu, na usiku hubisha hodi kwa mpiga ramli. Watu hao hawajamkana Mungu. Wamempa chumba kimoja, na vyumba vingine wamevifunga kwa ufunguo.

Twajua pia kwamba wako wasomaji ambao wamevifungua vyumba vyote, na bado hawaoni tunda. Mwalimu amefundisha miaka mingi katika kijiji kilekile, na madawati ya kanisa hayajai. Mama amemwombea mwanawe tangu utoto, na mwana ameiacha njia. Kwao hasa tumeandika habari hizi. Nendeni kwa mawazo hata kilima cha Rabai, mkamwone mtu mpweke akiandika neno moja, kisha jingine, naye hajui ni nani atakayelisoma. Leo makanisa yamejaa katika nchi ile, naye hakuyaona.

Basi, ndugu, tuanze na yaliyo karibu. Asubuhi, kabla ya moto kuwashwa, nyumba nzima isimame mbele za Mungu hata kwa maneno machache. Kibaba kijazwe sawasawa. Deni lilipwe siku iliyoahidiwa. Neno lililosemwa kwa hasira liombewe radhi kabla ya kulala. Na kesho tuamke tena, tufanye vivyo hivyo.

Mungu wetu, aliyewashika watumishi wake kilimani pale, atushike na sisi katika nyumba zetu, atupe moyo usiogawanyika hata mwisho. Amina.