Duveti la gramu 600 la kulalia Kilwa

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Kilwa na umebeba kitu cha kujifunika, atacheka. Pwani ni joto, duveti la nini? Anayecheka hajalala Kilwa Masoko mwezi Julai, kusi ikivuma kutoka baharini usiku kucha na halijoto ikishuka hadi nyuzi 20 hivi alfajiri. Kwa mtu aliyezoea nyuzi 30, hiyo ni baridi. Joto la mwili nalo hushuka sana saa hizo za alfajiri, ndiyo maana mtu analala kifua wazi saa nne usiku halafu anaamka saa kumi amejikunyata. Hapo ndipo mkono unapolifuata blanketi la gesti.

Mashuka ya gesti nyingi hubadilishwa kila mgeni anapoondoka. Blanketi ni habari nyingine. Ni zito, halikauki haraka, na mhudumu mmoja mwenye vyumba kumi hawezi kulifua kila siku. Linakunjwa tu na kumsubiri mgeni mwingine.

Mama yangu ana pumu. Miaka mitatu iliyopita, katika mji mmoja ambao sitautaja, alijifunika blanketi la namna hiyo na ilipofika saa tisa usiku tulikuwa tunahangaika na inhela, yeye ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka. Tangu siku ile alikataa safari yoyote isiyoishia nyumbani kwa ndugu. Sasa mdogo wake, mama yangu mdogo, anaishi Kilwa Masoko katika vyumba viwili pamoja na wajukuu watano, na mwaka huu alikuwa anaumwa. Kwenda ilikuwa lazima. Kulala kwake haikuwezekana, na fedha zetu zilikuwa za gesti ya shilingi 20,000.

"Mwanangu, nitakwenda," alisema. "Ila blanketi la watu sijifuniki."

Basi nikaenda Karume kutafuta duveti jepesi la mtumba. Nilitaka la poliesta, siyo la manyoya ya bata ambayo wauzaji husifia sana. Manyoya ni mepesi na yana joto kweli, lakini yakilowa hushikana na kuwa mabonge, na kuyakausha vizuri ni kazi ya siku kadhaa. Pwani hata hewa yenyewe ina unyevu. Nyuzi za poliesta hazinywi maji. Ukilifua asubuhi na kulikamua vizuri, upepo wa Kilwa unalikausha kabla ya kulala. Kwa mgonjwa wa pumu hilo ndilo jambo kubwa. Wapo wanaoamini kwamba utitiri wa vumbi, wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, hawakai kwenye poliesta. Wanakaa. Faida ya poliesta ni kwamba unaweza kuifua mara kwa mara bila kuogopa kuiharibu.

Lebo, kama bado ipo, huonyesha gramu za ujazo kwa kila mita moja ya mraba. Kwa pwani tafuta 100 au karibu na hapo. Hesabu yake ni rahisi: duveti la sentimita 140 kwa 200 lina eneo la mita za mraba 2.8, kwa hiyo ujazo wake ni gramu 280. Kitambaa chepesi cha juu na chini kinaongeza gramu kama hizo tena, jumla unapata chini ya gramu 600, uzito usiofika kilo moja ya sukari. Lile la nyumbani la gramu 300 kwa mita litajaza begi lote na kukutoa jasho Kilwa.

Kama lebo imekatwa, tumia mikono. Likunje, likandamize kwa goti, kisha liachie. Ujazo mzima huvimba tena polepole mbele ya macho yako. Uliochoka hubaki umelala kama mkate uliokaliwa. Linyanyue dhidi ya jua uone kama ujazo umekimbilia upande mmoja. Tazama pia mishono inayopita katikati, maana ndiyo inayoushika ujazo usihame wakati wa kufua. Mishono ikiwa mbalimbali sana, baada ya kufua mara tatu utakuwa na mfuko wenye bonge moja kwenye kona. Muuzaji aliponiona nalinyanyua juani aliniuliza, "Anti, unanunua duveti au unapiga eksirei?" Alianzia 30,000, tukaachana kwa 14,000. Nililipima kwa muuza viazi wa jirani, likaja gramu 610.

Mtumba lazima ufuliwe kabla ya kutumika, hata kama unanukia sabuni. Utitiri hufa kwenye maji ya nyuzi 60, na wengi wetu hatuna mashine ya kufulia. Changanya nusu ya maji yanayochemka na nusu ya maji ya bomba, utakaribia hapo. Koroga kwa mti, usitie mikono, na watoto wasikaribie beseni. Liache humo kwa nusu saa hivi, halafu lifue kawaida na ulianike juani.

Poliesta ina ubaya wake, na pwani unauona mapema. Kwa kuwa hainywi maji, hainywi jasho pia. Ikigusa ngozi moja kwa moja inanata, na mwenye ngozi laini ataamka na vipele vya joto shingoni. Dawa yake kila mama anayo kabatini. Khanga moja ina sentimita 150 kwa 110 hivi. Ukikata doti na kuziunganisha khanga mbili kwa upande mrefu unapata 150 kwa 220, saizi ya duveti lenyewe na ziada kidogo. Hakikisha khanga ni ya pamba, maana siku hizi kuna za poliesta pia. Fundi wetu aliweka vifungo sita pembeni, shilingi 3,000. Khanga ndiyo inayogusa mwili, ndiyo inayofuliwa kila siku mbili tatu, na joto likizidi unaifungua na kujifunika hiyo peke yake.

Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Mama alikuwa amelikunja duveti kwenye mfuko wa mto na kuliweka mgongoni, na kiyoyozi kilipozidi alijifunika magoti. Tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, tukakata kushoto Nangurukuru, adhuhuri haijafika tukawa Masoko. Gesti ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, ila chandarua kilikuwa na tundu la kupita ngumi. Nililishona kwa sindano na uzi ninaobeba siku zote. Msomaji asije akadhani duveti linafanya kazi ya chandarua. Mguu utatoka nje tu usiku, na mbu hupenyeza mdomo kwenye kitambaa chembamba kilichogusana na ngozi. Mama mjamzito na mtoto mdogo ndio wasiokosa chandarua kabisa.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimfunike duveti, hata liwe jepesi namna gani, kwa sababu likimfikia usoni hana nguvu ya kulitoa. Mvalishe nguo ya kutosha basi. Na mtu yeyote asiweke dawa ya mbu ya kuchoma au mshumaa karibu. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi, na moshi wa ile dawa wenyewe si rafiki wa pumu.

Tulilala usiku nne. Wa kwanza sikupata usingizi, nasikiliza pumzi za mama. Saa kumi alilivuta duveti hadi kidevuni, akageuka upande wa ukutani, akaendelea kulala. Inhela ilibaki kwenye pochi, ingawa dawa yake ya kila siku aliendelea kuitumia kama alivyoagizwa na daktari. Duveti halichukui nafasi ya dawa.

Mchana alishinda kwa mdogo wake, wakichambua mchicha na kusengenya watu waliokufa zamani. Siku ya tatu nilivuka peke yangu kwa boti kwenda Kilwa Kisiwani kuuona Msikiti Mkuu, katika mji ule ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981. Niliporudi nilikuta khanga na duveti vimefuliwa na kuanikwa uani kwa mama mdogo, vimekauka, na wajukuu wawili wamejificha chini yake.

Ukifika nyumbani, kagua mishono yote kama kuna kunguni, lifue tena kwa maji ya moto, kisha usilihifadhi likiwa limebanwa. Litandaze juu ya kabati bila kulielemea na kitu. Ujazo unaokaa umebanwa muda mrefu huenda usivimbe tena vizuri.