Chatu aliyemeza tembo

Wengine huniuliza kwa nini naanza kuwafundisha vijana wakubwa fasihi kwa kitabu cha watoto. Kitabu chenyewe ni Le Petit Prince, alichokiandika Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, kikatolewa New York mwaka 1943. Mtu huyo alikuwa rubani. Mwaka 1935 ndege yake ilianguka katika jangwa la Sahara, naye nusura afe kwa kiu. Hayo nawasimulia baadaye. Kwanza nachora ubaoni mchoro wa mwanzo wa kitabu, nao hujibu kwa sauti moja: “Kofia!” Kumbe ni chatu aliyemeza tembo. Hucheka sana, kisha hunyamaza, maana wametambua kwamba neno nalo laweza kuwa na tembo tumboni.

Wazazi fulani hunung'unika: mtihani hauulizi habari za mbweha asemaye. Ni kweli, hauulizi. Lakini msichana mmoja, ambaye baba yake yu mbali migodini, alipofika pale mbweha anapoomba afugwe, aliinua mkono: “Mwalimu, aliyefugwa akiachwa, kosa ni la nani?” Darasa likabishana mpaka kengele ikalia, na wawili wakabaki kitabuni wakitafuta jibu.