Hosi ya Presha Haijui "Itashika"

Wasee, kuna neno moja mafundi wengine wanatuuzia kila siku, na sisi tunanunua tu kwa sababu ni bei rahisi: "itashika."

Oili ya stearingi inavuja, jamaa anakata kipande cha mpira, anakaza na klipu mbili, anakwambia itashika. Unalipa, unaenda home ukifurahi.

Sasa sikizeni. Stearingi ya haidroliki iko na hosi mbili kubwa. Ya kwanza inarudisha oili kwa tangi. Presha yake ni kidogo, klipu inaiweza. Ya pili inatoka kwa pampu kwenda kwa reki, na ukizungusha stearingi mpaka mwisho, presha ndani inaweza kufika psi 1,000 na zaidi. Tairi yako iko na kama 30. Hiyo klipu itashikilia nini?

Ikipasuka, gari bado inageuka, lakini stearingi inakuwa nzito ghafla, labda ukiwa katikati ya kona. Na oili ikimwagikia egzosi ya moto, hapo kweli itashika. Itashika moto.

Mathe anabeba mboga kutoka Marikiti na Corolla 110, saa kumi asubuhi, peke yake. Hosi yake ilipoanza kuvuja, anko akasema tuweke mpira, pesa iende kwa vitu za maana. Nikamwambia, "Anko, mwenye hiyo gari ndio kitu ya maana." Tukanunua hosi yenyewe, ile ncha zake za chuma zimebanwa na mashine.

Fundi wetu ni mzee, na hana haraka. Alikataa kunipa spana mpaka nianzishe nati kwa vidole. "Kijana, ikikataa vidole, spana itaua thredi." Sili za zamani akatupa, akaweka mpya. Hosi ikapita njia ile ile ya zamani, mbali na egzosi, bila kusugua chuma popote.

Halafu kutoa hewa. Magurudumu ya mbele juu, gari imekaa kwa stendi, injini imezimwa. Unazungusha stearingi polepole, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, ukiongeza oili ile gari inataka, mpaka mapovu yaishe. Ndio sasa unawasha. Pampu ikilia, bado kuna hewa, rudia. Na usiishikilie ikiwa imefika mwisho, unaichosha bure.

Niliacha uni mwaka wa pili. Watu wa mtaa wakiniona chini ya gari wanasema, "Ona vile kichwa imepotea." Manze, hii ni fizikia, na mtihani wake anaufanya mathe akiwa barabarani.

Kwa hivyo ukipeleka gari, uliza fundi swali moja: hii ni hosi ya presha ama ya kurudisha? Akikujibu "zote ni mpira tu," chukua ufunguo yako uende.